Sauti ya Saba

Katika Ilongero, mkoani Singida, kama ilivyo katika makanisa mengi ya bara, mpiga kinanda huanza kwa sikio. Do, mi, so huzijua kabla ya kuziona nota za mistari mitano, kwa kuwa kwaya nyingi za Tanzania zililelewa na maandishi ya herufi aliyoyaeneza Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, wala hazijaona sababu ya kuyaacha. Do, mi, so. Fa, la, do. So, ti, re: kwa kodi hizo tatu (kodi ya wanamuziki, si ile ya serikali, ingawa nayo hutoza) nyimbo nyingi za kitabuni huimbika. Tena kinanda cha umeme kina kitufe cha kupandisha na kushusha wimbo mzima, hata mtu aweza kuhudumu miaka kumi akibonyeza vibao vilevile vyeupe na asigundulike.

Kisha huja njaa. Kijana husikia katika simu nyimbo za Injili za Marekani, za Kongo na za Nigeria, akatambua kwamba mkono wa yule mpigaji umebeba sauti nne au tano kwa pamoja. Hapo ndipo huanza kuitafuta kodi ya saba, na baadaye ya tisa. Juu ya do, mi, so huongezwa ta, yaani ti iliyoshushwa nusu. Juu yake tena huwekwa re. Vidole huchanganyikiwa, na kodi husikika nzito kama gunia. Dawa yake ni kupunguza: mkono wa kushoto uishike do peke yake, wa kulia ubebe mi, ta na re, na so iachwe, maana sikio huijaza lenyewe. Halafu kila sauti ifuate kiu yake. Ta hushuka hadi la, mi hupanda hadi fa, re hurejea do, na kodi imehamia fa bila mkono kuruka. Mwenye kulielewa hilo amekwisha kuvuka mlima. Yaliyosalia ni mazoezi.

La ajabu ni kwamba kijana huyo huamini amekwenda kuazima mbali. Wilaya ya Manyoni, ndani ya mkoa huohuo, ina Wagogo, na Wagogo wanajulikana duniani kwa uimbaji wa sauti nyingi. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyewachunguza katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba mpangilio wa sauti zao umesimama juu ya ngazi ya asili ya mlio. Uzi uliokazwa hautoi sauti moja. Ndani yake zimo nyingine zikipandana. Ya nne ni do, ya tano mi, ya sita so, ya saba ta, ya nane do tena, ya tisa re. Ndiyo kodi ya tisa yenyewe, imo katika uzi wa zeze kabla piano haijabuniwa. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliizungusha dunia nzima kwa ilimba na zeze, na wasikilizaji wa Ulaya wakadhani wanasikia kitu kigeni.

Ila ta ya uzi si ta ya piano. Piano imegawa ngazi yake katika nusu 12 zilizo sawa. Ukiigawa nusu moja vipande 100, ta ya asili iko chini ya kibao cheusi kwa vipande 31, na mi iko chini kwa 14. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kufundishwa jambo hili: wanajua qanuni inavyoweza kupita mahali ambapo kodiani haina kibao. Huko bara hasara ni ya kimyakimya. Mtoto aliyelelewa na kinanda kila Jumapili ataisikia ta ya bibi yake kuwa imekosewa, naye ataisahihisha.

Wapo wanaotaka kinanda kitolewe kanisani. Hayo ni maneno ya mtu asiyekesha na kwaya. Afadhali kizimwe kwa wimbo mmoja katika kila zoezi, sauti zote nne zitafutane zenyewe, kisha kiwashwe na tofauti isikilizwe.

Aidha, baadhi ya vinanda vya umeme, hasa vilivyotengenezwa kwa wapigaji wa muziki wa Kiarabu, vina mpangilio wa kushusha sauti moja moja kwa vipande hivyohivyo. Mwenye chombo cha namna hiyo aweza kuishusha ta kwa 31 na mi kwa 14, aibonyeze kodi ya tisa, na auache mkono utulie. Mlio huacha kutikisika. Akitaka kuhamia kodi nyingine, itamlazimu arekebishe tena.