Kazi Niitakayo

Ninyi wanafunzi wa zamani mliohudhuria sherehe yenu mwaka jana, yafaa mjue ya kuwa ule ukurasa wa intaneti mlioutumia kuandikisha majina uliundwa na chama chetu cha kompyuta, na mimi ndimi niliyekuwa mkubwa wa kazi hiyo. Wengi mlitusifu. Mwalimu Mkuu alitutaja mbele ya shule nzima, nasi tukatembea siku kadhaa vichwa juu kama majogoo. Leo nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja ambaye hakutusifu.

Mtu huyo ni mjomba wangu, ndugu yake mama. Yeye naye alisoma hapa. Alimaliza mwaka 1986, kisha akafundisha Kiswahili kwa miaka mingi upande wa Tororo. Ugonjwa wa presha ya macho ulimwondolea nuru kidogo kidogo, hata mwaka 2015 akawa haoni kitu ila tofauti ya mchana na usiku. Lakini mtu asidhani kuwa amekaa kitako. Ana simu ya kupapasa kama hizi zetu, nayo ina programu iitwayo TalkBack, ambayo humsomea kwa sauti kila kitu anachokigusa kwa kidole. Kwa simu hiyo hupeleka fedha, husoma magazeti, na hubishana na rafiki zake juu ya mpira mpaka usiku.

Basi siku ya sherehe nilikuwa getini pamoja na wenzangu wawili, tumeshika orodha. Wageni wakaja na magari yao, tukawatia alama mmoja mmoja. Halafu ikaja bodaboda, akashuka mjomba na fimbo yake nyeupe, amevaa koti na tai ya shule, ile ya zamani yenye mistari. Nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba." Akaitika. Mwenzangu akatazama orodha, akasema, "Mzee, jina lako halimo."

Mjomba akajibu kwa upole, "Najua halimo. Nimejaribu siku tatu."

Nyuma yake watu walikuwa wakingoja. Viti vya ukumbini vilikuwa vimehesabiwa, na kila kiti kilikuwa na jina la mwenyewe. Sikuwa na la kufanya, au tuseme sikuwa na moyo wa kufanya lolote, nikampeleka kwenye turubai la nje walikoketi madereva. Akala huko, akasikiliza hotuba kwa kipaza sauti. Wenzake aliosoma nao walikuwa ndani. Niliambiwa baadaye kwamba mmoja wao aliuliza kama yu hai.

Likizo ilipofika nilikwenda kwake nimeyapanga maneno ya kuomba radhi. Hakuyataka. Alinipa simu yake, akasema, "Kaa hapo, mpwa wangu. Fumba macho, uniandikishie jina langu." Ukurasa wetu ulikuwa bado upo.

Jambo la kwanza lililonishtua ni sauti. Maneno yetu ya Kiswahili yalisomwa kwa ulimi wa Kiingereza, hata sikuyatambua, ingawa mimi ndiye niliyeyaandika. Sababu yake ni ndogo ya kutia aibu. Kila ukurasa wa intaneti hupaswa kutangaza mwanzoni lugha yake kwa herufi chache: "en" ni Kiingereza, "sw" ni Kiswahili. Sisi tulichukua kiolezo kilichotengenezwa tayari na watu wengine, tukabadili maneno yote, tukaziacha zile herufi mbili. Mjomba alikuwa na sauti ya Kiswahili ndani ya simu yake, lakini ukurasa wetu haukumwambia mtu yeyote kwamba ni wa Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili mzima akasomewa Kiswahili kama mtalii asomavyo kibao cha barabarani!

Nikaendelea. Ratiba ya sherehe tuliiweka kama picha nzuri yenye rangi za shule. Simu ikasoma jina la faili, tarakimu tupu, basi. Visanduku vya kujazia havikuwa na majina yaliyofungamanishwa navyo, simu ikasema tu kwamba hapa pana mahali pa kuandika. Paandikwe nini? Jina? Mwaka? Namba ya simu? Nilikisia. Mwisho nikafika kwenye kile kishale cha kijani ambacho wote walikipenda, cha kupeleka fomu. Simu ikasema, "Batani." Nikasogeza kidole. "Batani." Kulikuwa na vitatu, na kimoja kilifuta yote uliyokwisha kuandika. Kwa hakika nilikigusa hicho.

Baada ya dakika kama ishirini jasho likanitoka, nikafumbua macho ili nimalize upesi. Mjomba akasikia jinsi kidole changu kilivyoanza kwenda mbio, akacheka. "Umefumbua," akasema. "Na mimi nifumbue nini?"

Niliporudi shuleni niliomba ruhusa ya kutumia chumba cha kompyuta jioni. Huko nikagundua kwamba hakuna lolote katika makosa yetu lililokuwa jipya duniani. Shirika la W3C, ambalo hutunga kanuni za mtandao, lilitoa miongozo yake ya kwanza ya jambo hili mwaka 1999. Hiyo ndiyo huitwa WCAG, na toleo la 2.2 lilitoka mwaka 2023. Picha iwe na maelezo ya maneno. Kisanduku kiwe na jina. Kila jambo liweze kufanywa kwa vitufe vya kibodi pasipo kipanya, maana wako watu ambao mikono yao hutetemeka, kama alivyo kijana mmoja wa kidato cha tatu hapa kwetu. Maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1; ya kwetu, kijivu juu ya cheupe, yalikuwa 2.3. Padre mmoja mzee alikuwa amelalamika kuwa hayasomeki, nasi tukasema ni uzee.

Nilirekebisha kwa juma moja, nikampigia mjomba simu aje ajaribu. Akauliza, "Mtanilipa kiasi gani?" Nilidhani anafanya mzaha. "Fundi akija kutazama paa lenu linavuja wapi, hamumlipi?" akasema. "Mimi nitawaonyesha panapovuja. Shilingi elfu kumi kila nikija, na nauli." Mweka hazina wetu alikasirika kabisa, akasema mzee angepaswa kushukuru. Tulibishana siku mbili. Mwisho akalipwa, naye katika saa moja akatuonyesha makosa saba ambayo mimi sikuyaona, wala ile programu ya kukagua haikuyaona.

Hapo ndipo nilipoanza kuifikiri kama kazi. Labda nawe, msomaji, utauliza kama baba yangu: nani atakulipa ujira kwa kuwasaidia vipofu? Baba ni mkulima, amenilipia karo kwa shida, na alitaka niwe mhandisi wa barabara. Alidhani ninataka kujitoa sadaka.

Nilimweleza kwanza habari ya Bruce Maguire, kipofu wa Australia. Mwaka 1999 alishtaki kwamba tovuti ya michezo ya Olimpiki ya Sydney haikumwezesha kusoma ratiba wala matokeo. Waandaaji wakajibu kuwa kuitengeneza kutachukua zaidi ya mwaka na dola zaidi ya milioni mbili. Tume ya haki za binadamu haikukubali. Mwaka 2000 iliamuru itengenezwe kabla michezo haijaanza. Haikutengenezwa yote, wakaamriwa kumlipa dola 20,000. Baba alipenda habari hiyo kuliko zote. Akaniuliza mara mbili ni dola ngapi.

Kisha nikamwambia ya sasa. Tangu tarehe 28 Juni 2025 sheria ya Umoja wa Ulaya inawalazimu wenye mabenki, maduka ya mtandaoni na wauza tiketi kuzingatia jambo hili, hata kampuni ya nje ikiuza huko. Jirani zetu Kenya walitoa kiwango chao mwaka 2022. Wakati huohuo, uchunguzi wa WebAIM wa mwaka 2025, uliotazama kurasa za mbele za tovuti milioni moja, ulikuta makosa katika 94.8 kwa mia. Kazi ya kurekebisha ipo tele. Tangu mwaka 2014 kuna chama cha kimataifa cha wenye ufundi huu, IAAP, nacho hutoa mitihani na vyeti. Kusema kweli ada yake si ya mtoto wa mkulima, nami sina njia ya kuipata mwaka huu. Nitaanza na shahada ya kompyuta, ikiwa alama zitaruhusu.

Lakini lililonivuta zaidi si vyeti. Ni ile programu ya bure ya kusoma skrini za kompyuta, NVDA, ambayo tumeiweka katika kompyuta zote za shule. Ilianzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia, Michael Curran, kisha mwenzake James Teh akajiunga naye, na wote wawili hawaoni. Hawakungoja mwenye macho awahurumie. Ndiyo maana sitaki kuifanya kazi hii peke yangu nikiwa nimefumba macho chumbani, nikijidai najua. Nimekwisha kufumba mara moja, nikafumbua.

Baba hajasema ndiyo. Alisema tu, "Tutaona matokeo ya mtihani," na kwake yeye hilo ni jambo kubwa.

Uandikishaji wa sherehe ya mwaka huu ulifunguliwa mwezi uliopita. Jina la kwanza ni la mjomba. Aliandika saa kumi na moja alfajiri, kabla ya watu kuamka. Saa kumi na mbili akanipigia simu. Akasema kisanduku cha tarehe bado kinaisoma miezi kwa Kiingereza, nitazame Jumamosi, na nimkumbushe mweka hazina kwamba anadai nauli ya mara ya mwisho.