Taa imezimika, umeme haujalala!

Hivi wewe, ukibonyeza swichi na taa ikazimika, unaamini umeme umekatika? Wengi wetu tunaamini hivyo. Tunapanda stuli, tunafungua globu huku tunapiga mluzi, roho kwatu! Leo naomba nikutoe usingizini, ndugu msomaji, maana imani hiyo nusura iuletee ukoo wetu msiba.

Mama yangu mdogo anaishi Kigongo, wilayani Misungwi, pale ambapo zamani ukitoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita ilikuwa lazima usubiri kivuko. Enzi hizo foleni ndiyo ilikuwa inampa riziki. Abiria wamekaa wanapiga miayo, yeye anapitisha samaki wa kukaanga na chai ya rangi. Juni 2025 likafunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, kama kilometa 3 juu ya ziwa, na magari sasa yanakatiza mpaka Busisi bila kusimama. Kwa msafiri raha mustarehe, lakini kwa muuza samaki wa foleni, kazi ipo! Mama mdogo hakukaa kulia. Akaamua vyumba vyake vitatu vya uani avipangishe.

Chumba cha kupangisha lazima kivutie, si unajua? Akapaka rangi, kisha akanunua swichi mpya sita, nyeupe pee. Za zamani zilishageuka njano kama meno ya mvuta sigara, na mbili kati yake zilikuwa zinapata joto na kulia tsss ukiziwasha. Wa kuzifunga alishapatikana: kijana wa pale pale mtaani, yule yule aliyetandaza nyaya za nyumba hiyo miaka ya nyuma. Kishoka kamili huyo! Leseni hana, ana koleo na maneno matamu.

Kabla kishoka hajafika, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama mdogo, akaenda kubadilisha globu ya barazani. Taa yenyewe iko ukutani, unaifikia kwa mkono. Baraza lilikuwa limetoka kupigwa deki na dogo alikuwa pekupeku. Swichi ilikuwa imezimwa, mama yake mwenyewe alihakikisha. Kidole kikagusa pini ndani ya holda, paa! Alirushwa mpaka kwenye ndoo ya maji machafu. Tukamkimbiza zahanati. Namshukuru Mungu alipona, ila mkono ulimtetemeka mpaka jioni.

Majirani nao, kama kawaida, hawakukosa la kusema. Mmoja akadai kijana karogwa. Mwingine akasema swichi ndizo zimechoka, zibadilishwe upesi kila kitu kiishe. Mama mdogo akabaki na swali lake moja: "Swichi ilikuwa imezimwa, nimeiona kwa macho yangu haya. Sasa umeme umetoka wapi?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuachane na kishoka. Tukatafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, ambayo ndiyo mamlaka inayotoa leseni za mafundi umeme nchini. Akaja mzee mmoja mpole, wala hakuzigusa swichi mpya. Kwanza alijaribu testa yake kwenye soketi yenye umeme, ajue kama ni nzima. Kisha akaigusisha kwenye holda ya taa iliyozimwa. Testa ikawaka!

"Mama, sikiliza," akasema. "Umeme wa nyumbani ni volti 230. Unaingia kwa waya wa moto, unarudi kwa nyutro. Kazi ya swichi ni kuukata moto kabla haujafika kwenye taa. Hapa aliyefunga alibadilishanisha nyaya za taa kule kwenye meni. Swichi zako zinakata nyutro, na moto unakwenda moja kwa moja kwenye taa. Globu inazimika kwa kuwa umeme hauna pa kurudia. Mtu akigusa holda huku kasimama peku kwenye simenti mbichi, yeye ndiye anakuwa njia ya kurudia. Ungebadilisha hata swichi mia, kijana angerushwa tena!"

Mama mdogo akakaa chini kwenye kigoda, kimya.

Hata sakiti breka ya taa ilikuwa inakata waya usio na kosa. Ndiyo maana mzee alizima meni swichi yenyewe, inayokata nyaya zote mbili, ndipo akarekebisha. Zile swichi mbili za joto nazo alizifungua. Skrubu zilikuwa zimelegea, na waya uliolegea hutoa cheche zinazounguza plastiki kidogo kidogo mpaka siku ya moto wa kweli. Akakata ncha zilizoungua, akafunga swichi mpya, akakaza, kisha akapima holda zote moja moja. Malipo yake yalimeza pesa ya mabati ya jikoni. Mama mdogo alitoa bila kununa.

Nilimshikia tochi, nikajifunza na hili: usiamini rangi. Kwenye nyaya za zamani moto ni mwekundu na nyutro ni mweusi. Za siku hizi ni kahawia na bluu. Lakini ndani ya swichi, huo mweusi au wa bluu mara nyingi ndio unaopeleka moto kwenye taa. Ukiuita nyutro, shauri yako!

Sasa nyie mnaopanga vyumba Nyegezi, Mabatini na Igoma, mkienda kuangalia chumba msiishie kusifia vigae. Muulizeni mwenye nyumba nani kafunga umeme, na fundi akija mwombeni leseni. Kwani konda akikudai nauli, anaona aibu?

Wiki njema!