Siku Nne za Nyika: Kutoka Njiru hadi Chalbi

Huku Njiru maji hununuliwa kwa dumu. Mkokoteni hupita asubuhi, na mama mwenye nyumba hukadiria: hili la kupikia, hili la kufulia, hili la udhu. Kwa hiyo mume wangu aliponiarifu kwamba likizo ya Agosti tutakwenda kulala mahemani huko Marsabit na jangwa la Chalbi, sikuwa na hofu ya kiu. Niliamini kwamba mwanamke aliyezoea vumbi la machimbo ya mawe na mifereji mikavu ya Njiru hana la kufundishwa kuhusu maji.

Mavyaa wangu, aliyeko Lamu, ndiye aliyestaajabu. Alinipigia simu akaniuliza, "Mwanangu, watu huukimbia ukame, nyinyi mwaufuata?" Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia tu kwamba watoto wamechoka kutazama kuta.

Tulikuwa familia mbili, yetu na ya shemeji yangu, jumla watu kumi na mmoja, pamoja na dereva mwenyeji wa Marsabit. Tulitoka baada ya sala ya Alfajiri, tukashika Eastern Bypass hadi Ruiru, kisha barabara ya Thika. Nanyuki tuliuvuka mstari wa ikweta, na Isiolo tukaingia msikitini kuswali Adhuhuri na Alasiri kwa kujamiisha na kukusuru, kwa ruhusa aliyopewa msafiri. Kutoka pale hadi Marsabit ni lami tupu. Zamani njia hii ilikuwa ya mawe na mashimo, na magari yalikwenda kwa misafara yakisindikizwa na polisi. Mlima Ololokwe, uliokatwa kileleni kama meza, ulitusimamia upande wa kushoto kwa muda mrefu. Jambo moja lilinigusa moyo: kutoka kwetu Kibla ni kaskazini, ikielemea mashariki kidogo. Basi safari nzima nyuso zetu zilikuwa zimeelekea Makka, nasi tumekaa tu garini.

Marsabit ni mlima wenye msitu katikati ya nchi kavu. Mwezi wa Agosti ukungu hutanda asubuhi, na baridi yake si ya kuchezea. Anayekwenda na abebe sweta. Katika hifadhi hii aliishi ndovu aliyeitwa Ahmed, mwenye pembe ndefu mno, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970. Alikufa mwaka 1974, na mifupa yake imehifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi. Tulitembea kwa miguu tukiwa na askari wa wanyamapori hadi ukingo wa Ziwa Paradise, lililojikusanya ndani ya shimo la volkano. Wanangu walifurahi sana kwamba ndovu mashuhuri alikuwa na jina la babu yao.

Siku ya tatu tulishuka Chalbi. Ukungu ulikatika ghafula, ikaja nchi ya mawe meusi ya volkano, na baada ya Maikona yakabaki mambo mawili tu, ardhi na mbingu. Chalbi ni kitako cha ziwa la kale lililokauka, na chumvi yake humetameta hata macho yakauma. Tulipiga kambi ukingoni mwake. Hapo ndipo nilipogundua kwamba madumu mawili kati ya manne yalikuwa yamevuja njiani. Kosa lilikuwa langu, kwani mimi ndiye niliyeyapanga juu ya sanduku la vyuma. Tulibakiwa na lita arubaini kwa watu kumi na wawili, na visima vya Kalacha tusingevifikia ila kesho yake mchana.

Mume wangu aliamua kwamba maji yawe ya kunywa na kupikia, na sala tutatayamamu. Watoto wakakimbilia chumvi nyeupe, akawazuia: chumvi si udongo. Tukatafuta mahali penye vumbi safi. Nimesoma mlango wa tayamamu tangu madrasa, lakini ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuutumia.

Jua lilipokaribia kuchwa alikuja mwanamke wa Kigabra na binti yake mdogo, mbele yao mbuzi saba. Mkononi alikuwa na dumu tupu. Dereva alitufasiria: alikuwa akiomba maji ya mtoto. Dereva mwenyewe alikuwa ametusimulia njiani jinsi mvua zilivyokosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, na jamaa zake wakabaki bila ngamia hata mmoja. Nilikuwa nimeyasikia hayo kwa masikitiko. Hata hivyo, alipoomba, nilinyamaza. Nilikuwa nikihesabu vikombe. Binti yangu wa miaka kumi na mitatu hakuhesabu. Alikwisha kuchota na kumpa mtoto yule, kisha akamjazia mama yake robo ya dumu.

Mwanamke alikunywa kidogo, akayatazama mahema yetu, akacheka. Miongoni mwa Wagabra wanawake ndio wajenzi: nyumba ni yao, huisimamisha kwa fito na mikeka, huivunja na kuipakia juu ya ngamia. Alisema milango yetu imeukabili upepo wa usiku. Bila kungoja ruhusa aling'oa mambo za hema la wanawake, akaligeuza, akalizungushia mawe mazito. Wanaume walimshukuru kwa adabu na kuliacha lao lilivyo. Saa sita za usiku upepo ulipovuma liliwaangukia usoni, nasi tukacheka hadi tukakosa pumzi.

Nililala kidogo sana. Nilitoka kuitafuta nyota ya Jaa, ambayo babu yangu nahodha alisema haionekani Mombasa, kwa kuwa ikweta imeshatuficha. Pale ilipaswa kuwa chini kabisa kaskazini, lakini vumbi lilikuwa limeifunika.

Kalacha tulikuta chemchemi, mikoma (ile ile ambayo miyaa yake husukwa vikapu pwani) na ngamia wakinywa kwa zamu. Tuliyaziba madumu kwa mpira, tukayajaza yote manne. Tuliporudi tulipita tena mahali pa kambi yetu. Nilikuwa nimelitenga dumu moja zima pembeni. Tulisimamisha gari, dereva akaita kwa lugha yake mara tatu. Palikuwa na nyayo za mbuzi zilizoelekea magharibi, na mawe aliyoyapanga, bado yako katika duara.