Mama Mkunga hakuwepo nyumbani

Ukurasa huu wa familia huwa unaandikwa na watu wenye mashauri. Mimi leo sina shauri kubwa, nina kisa changu tu. Ninakileta kwa sababu najua wengi wenu mnafanya kazi hapa kambini, na nyumbani kuna watoto.

Nilifika Nyarugusu mwaka 1996, nikiwa na miaka tisa. Tulivuka Ziwa Tanganyika usiku, tukitoka upande wa Fizi kuja Kigoma, na mama alikuwa na mimba. Mdogo wangu akazaliwa hapa, chini ya turubai. Mwanamke aliyempokea hakuwa na kitu zaidi ya maji ya moto, wembe mpya na mikono yake. Nilimtazama mpaka akamaliza. Siku ile nikasema moyoni, mimi nami kazi yangu ni hii.

Nikasoma hapa hapa kambini, kwa programu ya Kongo, na tangu mwaka 2011 ninafanya kazi katika wodi ya wazazi. Si mnajua mambo yetu: mkimbizi hapewi mshahara, anapewa posho. Posho ikitoka ninanunua sabuni, dagaa, madaftari ya watoto na mkaa kidogo, basi, imekwisha. Ndugu zangu wananiuliza: sasa mama, unakesha kwa ajili ya nini?

Nitawaambia. Kuna watoto wanaozaliwa kimya. Ametoka, lakini halii, amelegea kama kitambaa. Hapo huna muda wa kuogopa. Unamkausha haraka, unamsugua mgongo, unasafisha njia ya hewa, na kama bado hapumui unachukua mfuko wa kupulizia hewa, ndani ya ile dakika ya kwanza. Halafu unasikia kitu kama paka mdogo, kisha kilio chenyewe. Mama yake analia, wewe unalia, hata mfagiaji mlangoni analia. Miaka inapita, unakutana naye njiani na mfuko wa shule mgongoni. Ni posho gani itakayolipa hiyo?

Watu wakaacha kuniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, wakaniita Mama Mkunga. Nililipenda sana jina hilo. Shida yangu ilianzia hapo.

Mwaka 2024 binti yangu huyo wa kwanza alikuwa na miaka 12. Wiki moja nilikuwa na zamu za usiku mfululizo. Na siku mojawapo, badala ya kulala, nilikwenda shuleni kuzungumza na wasichana juu ya hedhi. Nilizungumza vizuri kweli. Niliwaambia ni jambo la kawaida, wasiogope, waende kwa mama zao. Walimu wakanipigia makofi.

Jumamosi nikaenda bombani kuchota maji. Jirani yangu mmoja akanikumbatia: “Hongera, Mama Mkunga! Binti amekuwa mkubwa.” Nikacheka kama mtu anayejua. Lakini sikujua kitu. Ndoo niliibeba mpaka nyumbani bila kuisikia kichwani.

Nikamwuliza mtoto. Akainamisha uso, akasema: “Nilikuja mara mbili, mama. Ulikuwa umelala. Baba alisema tusikuamshe, umetoka usiku.” Yule jirani ndiye aliyemkatia kipande cha kitenge na kumwonyesha namna ya kukivaa. Kisha akaongeza, pole pole, bila hasira: “Angekuja mgonjwa, ungeamka.”

Ndugu wasomaji, wazee walisema mganga hajigangi. Niliusikia msemo huo tangu utoto, lakini siku hiyo uliniingia mwilini.

Usiku ule nikamwambia baba watoto kwamba naacha kazi. Akanyamaza, halafu akacheka. “Ukiacha utakaa hapa ukisikiliza kila mwanamke anayepita njiani na uchungu. Utatumaliza sisi.” Tukakaa kwenye mkeka, tukaanza kuhesabu saa zangu. Na hapo niliona jambo lililonishangaza. Zamu yenyewe ina saa zake, inaanza na inakwisha. Iliyokuwa haiishi ni ile kazi ya mlangoni kwangu: huyu ana mtoto mwenye kikohozi, yule anauliza kama mimba yake ni ya mvulana, mwingine anataka tu tukae kidogo. Hakuna mkubwa aliyenituma kuifanya. Niliifanya kwa kuwa nilipenda kuitwa. Kazi ilikuwa imechukua sehemu yake, na sifa ikachukua iliyobaki, ile ya watoto.

Basi tukakubaliana. Mtu akibisha hodi usiku na uchungu, au kuna damu, au mjamzito ameanguka kifafa, ninaamka na kumpeleka kituoni, hilo halina mjadala. Mengine yangoje asubuhi, kituo kipo. Baadhi ya majirani walikasirika. Eti amejiona! Nikavumilia. Kazini tukapangana na mwenzangu mmoja, tukabadilishana zamu fulani ili nisikae tena wiki nzima ya usiku. Yeye alikuwa na sababu zake, mimi nina zangu. Na baba watoto, siku nikitoka usiku, ndiye anayesonga ugali na kupika sombe. Kwenye foleni ya mgao wanaume wakamcheka kwamba ameolewa. Akawajibu: “Mke wangu aliwazalisha wake zenu. Mnataka na ugali wenu asonge yeye?” Wakanyamaza.

Jambo la mwisho lilikuwa la binti: ana ruhusa ya kuniamsha. Saa yoyote, hata kama nimetoka usiku. Si lazima awe anaumwa.

Sisemi nimefaulu. Wanasema mshika mbili moja humponyoka, lakini mwanamke wa kambini moja ataiacha ipi? Kuna wiki ambazo wanawake wanakuja wengi kwa pamoja, na nyumbani wananiona kwa kupita tu. Tofauti ni kwamba sasa nikikosekana ninajua nimekosekana, na ninasema samahani. Zamani nilidhani wanangu wanapaswa kunishukuru.

Juzi juzi nimelala mchana, nimechoka vibaya, nikasikia mkono begani. Nikafungua macho. Ni yeye, amesukwa nywele mpya.

“Kuna nini?” nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa kali kidogo.

“Hakuna kitu,” akasema. “Nilitaka tu kuona kama utaamka.”

Nikaketi, nikamvuta karibu, nikazitazama zile nywele mstari mmoja mmoja. Usingizi nilirudi kuutafuta baadaye, sikuupata. Lakini usiku ule nilikwenda zamu na moyo mwepesi.

Nawatakia mwezi mwema, ninyi na watoto wenu.