Saa mbili ya Kurasini, saa saba usiku ya Toronto

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, na wengine mmeshaanza kuulizana kama baridi imenimeza. Sijamezwa, nipo. Majukumu tu.

Wiki iliyopita mpwa wangu aliyeko Mbezi alinipigia simu akilalamika. Ofisini kwao wanafanya kazi kwa kuingia kwenye kompyuta iliyoko nchi nyingine, na kila siku inaganda. Unaandika herufi moja, unangoja, inatokea. Akasema, "Mjomba, si unajua tena mtandao wa Bongo." Hapo nikacheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mwenyewe mwaka 2012, na nusura yawafukuzishe kazi watu wanne. Nikamwambia nitayaandika yote hapa, ili na wengine wafaidike. Basi kaeni mkao wa kusoma, na asiyependa mambo ya kompyuta avumilie kidogo, mbele kuna watu.

Mwaka ule nilikuwa nimeshaacha kubeba maboksi kule kwenye ghala la Mississauga. Nilipata kibarua kwenye ofisi ndogo huku Scarborough, inayosafirisha makontena kwenda Afrika Mashariki: magari yaliyotumika, vipuri, vitanda vya hospitali, na mizigo ya watu kama sisi. Kila siku nilipanda ile treni ndogo ya Scarborough RT, ambayo sasa haipo tena, maana waliifunga mwaka 2023. Nililipwa kwa saa, na saa zenyewe hazikuzidi 24 kwa wiki. Mnaojua kodi za nyumba za Toronto mnaelewa nilivyokuwa naishi.

Ofisi ile ilikuwa na tawi Kurasini, karibu na bandari ya Dar. Watu wanne: mama mmoja mtu mzima aliyesimamia nyaraka, ambaye wote tulimwita Bi Mkubwa, na vijana watatu. Mafaili na hesabu zote zilikaa kwenye seva hapa Toronto. Wale wa Kurasini walikuwa wanaingia humo kwa programu ya Remote Desktop. Kwa msiojua, ni hivi: kompyuta iliyo mbele yako inakuwa kama dirisha tu. Ukibonyeza herufi pale Kurasini, herufi inasafiri mpaka Toronto, seva inaiandika, halafu picha ya kioo kilichobadilika inarudi Kurasini ndipo uione. Kila herufi inakwenda na kurudi, na njia ni ya kilomita 12,000 na ushee kwenda tu.

Zamani safari hiyo ilikuwa mateso kweli. Kabla ya kebo ya SEACOM kuwashwa Julai 2009, intaneti nyingi ya kwetu ilipitia setilaiti iliyo juu kilomita karibu 36,000. Ishara ipande, ishuke, jibu nalo lipande na kushuka. Hata mwanga, pamoja na mbio zake zote, unatumia karibu nusu sekunde hapo. Lakini sisi tunazungumzia 2012. SEACOM ilikuwepo Dar, na EASSy nayo ilikuwa imeanza kazi 2010. Nilipopima kutoka Toronto hadi Kurasini, kwenda na kurudi ilikuwa milisekunde 280 hivi, yaani karibu robo ya sekunde. Si haba. Mtu unafanya kazi bila shida.

Lakini kazi haikuwa inakwenda. Hati za shehena zilichelewa, kontena likikaa bandarini gharama za kuhifadhi zinapanda, na wateja wanampigia bosi wakifoka. Kurasini wakaandika barua pepe wakisema kompyuta ni nzito kuanzia saa 2 hadi saa 5. Fundi wa hapa akapima siku mbili, akasema laini ni safi kabisa, hakuna tatizo. Bosi akahitimisha kwamba wale watu ni wavivu wanaosingizia mtandao, au mtandao wa Dar ni mbovu na hauponi. Kwa vyovyote vile, tawi lifungwe mwisho wa mwaka na kazi yao ihamie hapa. Akaniita. Akaniambia kazi hiyo ningepewa mimi, saa 40 kwa wiki.

Sasa nitawaambia ukweli, maana hapa tunaongea kifamilia. Nilifurahi. Usiku ule nilipiga hesabu ya kodi, nikapiga hesabu ya hela ya kutuma nyumbani, nikalala vizuri. Wale wanne niliwahurumia kidogo, lakini nilijiambia, "Ndiyo mambo ya mtandao wa Bongo, na ule mgao wa umeme wa mwaka jana, bosi afanyeje?" Mimi, mtoto wa Temeke, nilisema hivyo bila kupima chochote.

Ili nionekane nimejitahidi, nilifanya yale ambayo kila mtu angeyafanya. Nikapunguza rangi za kioo kutoka biti 32 hadi 16. Nikaondoa picha ya mandhari, vivuli, na madirisha yanayofunguka kwa mbwembwe, kwa sababu vyote hivyo ni picha zinazosafirishwa bure. Nikazima sauti. Nikaiwasha ile sehemu inayoiacha kompyuta ya Kurasini ihifadhi vipande vya picha ilivyokwisha viona, isiviombe upya. Ikasaidia? Mchana wa Dar kompyuta ikawa nyepesi zaidi. Asubuhi, hali ile ile.

Katikati ya Novemba nikaambiwa nimpigie Bi Mkubwa tupange makabidhiano. Nikanunua kadi ya simu ya dola tano, nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo? Nimesikia wewe ndiye unayechukua kazi yetu."

Nikakosa la kusema.

"Sikulaumu," akasema. "Lakini kabla hamjatufunga, soma daftari langu. Nimeandika kila siku tangu Septemba. Nikikutumia utasoma?"

Nikasema nitasoma. Alasiri ya kwao akazipitisha kwenye skena kurasa za kaunta buku, mistari imepigwa kwa rula, mwandiko wa shule za zamani. Zikafika zote mara moja, bila kukwama. Hilo peke yake lilitosha kunizindua, ila halikunizindua.

Kilichonizindua ni saa. Kila siku ya kazi alikuwa ameandika: imeanza kukwama saa 2, imeachia saa 5. Saa 2, saa 5. Saa 2, saa 5. Septemba yote, Oktoba yote. Halafu Jumatatu ya tarehe 5 Novemba: imeanza saa 3, imeachia saa 6. Kuanzia hapo ni saa 3 hadi saa 6 kila siku.

Niliangalia kalenda ya ukutani. Jumapili ya tarehe 4 Novemba 2012 ndiyo siku ambayo huku Canada tulirudisha saa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi. Dar hatubadilishi saa. Jua letu halina mambo hayo. Sasa tatizo la Dar lingejuaje kwamba Toronto wamerudisha saa? Lingekuwa la Dar, lingebaki saa 2. Limesogea saa moja mbele kwao kwa sababu kwa hapa Toronto halikusogea kabisa. Kitu chochote kilichokuwa kinawakwamisha, kilikuwa kinaishi kwa saa ya Toronto. Kilikuwa ndani ya ofisi yetu.

Na saa zenyewe ni zipi? Bi Mkubwa aliandika saa 2 kama sisi tunavyohesabu, yaani saa mbili asubuhi. Katika barua pepe ya Kiingereza aliiacha hivyo hivyo, 2 hadi 5. Fundi akasoma 2 hadi 5 za Kizungu, akakaa kupima saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni ya Toronto. Muda huo Dar ni usiku, ofisi imefungwa kwa makufuli, hakuna hata mtu mmoja kwenye laini. Aliona laini safi, na kweli ilikuwa safi! Barua zile zilikuwa kwenye faili ofisini. Mtu pekee Toronto nzima ambaye angeziona na kusema "jamani, hiyo ni saa ya Kiswahili" ni mimi, na sikuwa nimeomba kuziona.

Saa mbili asubuhi ya Dar kabla ya Novemba ni saa saba usiku ya Toronto. Nikaomba ruhusa nilale ofisini Alhamisi. Nikakaa na kahawa yangu ya Tim Hortons, koti mwilini, maana hita ilizimwa jioni. Nikaweka kipimo kiende Kurasini kila sekunde: 280, 281, 280. Bi Mkubwa yuko kwenye simu. Saa saba usiku kamili ikapiga. 900. 1,700. 2,800. Karibu sekunde tatu kwa kila herufi.

"Imekwama," akasema Bi Mkubwa, kwa sauti ya mtu aliyezoea.

Nikatazama seva inafanya nini. Ilikuwa inatuma nakala ya akiba ya mafaili yote kwenda kwenye ghala la data nje ya ofisi. Kuna mtu alipanga ianze saa saba usiku kwa sababu "usiku hakuna mtu kazini". Hakuna mtu, kasoro wale wanne waliokuwa ndiyo kwanza wamenywa chai ya asubuhi Kurasini.

Nikaisimamisha. 280. "Imeachia," akasema. Nikaiwasha. 2,800. "Imekwama tena." Mara tatu nilifanya hivyo, ya tatu ili niwe na uhakika, na nadhani pia nilitaka tu kumsikia akisema imeachia.

Sasa kwa nini iwe hivyo? Laini yetu ya ADSL ilikuwa ya kushusha kilobiti 5,000 kwa sekunde, lakini ya kupandisha ilikuwa 800 tu. Watu wengi wanatazama ile namba kubwa. Kumbe seva ikimpelekea mtu picha ya kioo, inapandisha. Watu wanne wa Kurasini walihitaji kama 200 hivi, kwa hiyo 800 iliwatosha na kusaza. Nakala ya akiba ikija, inachukua yote 800 kwa saa tatu, gigabaiti moja hivi. Halafu modemu nayo ina tabia mbaya: badala ya kukataa mzigo inaupanga foleni. Foleni ya kilobaiti 256 kwenye laini inayotoa kilobaiti 100 kwa sekunde ni sekunde mbili na nusu za kungoja. Ni kama Barabara ya Morogoro pale Ubungo: weka msafara wa malori mbele, halafu mtume mtu wa bodaboda asiyeruhusiwa kupenya. Bodaboda ni nyepesi, lakini itafika na malori. Ndiyo maana kupunguza rangi hakukusaidia. Nilikuwa nawapunguza abiria wa bodaboda.

Tiba ilichukua dakika kumi. Nakala ya akiba nikaihamishia saa moja jioni ya Toronto, ikawa inamalizika kabla ya saa sita usiku, Kurasini bado hawajaanza kazi, iwe kiangazi iwe baridi. Nikaiwekea na kikomo isizidi kilobiti 500. Kisha nikapanda basi la usiku kurudi nyumbani, na njiani nikawaza zile saa 40.

Sitajifanya malaika. Nilifika kwenye kituo changu bado nawaza kwamba ningeweza kunyamaza. Ni saa ya kwenye seva tu, nani angejua? Asubuhi nilimpelekea bosi daftari lile na namba zangu. Alisoma kimya muda mrefu, kisha akauliza kwa nini hawakusema. Nikamwambia walisema, tangu Septemba. Tawi halikufungwa. Mimi nilibaki na saa zangu 24 mpaka nilipopata kazi nyingine mwaka uliofuata, na majira yale ya baridi Mama alipokea pesa pungufu bila kuuliza. Mama, ukisomewa hii, sababu ndiyo hii.

Sasa mpwa wangu, na wengine mnaofanya kazi kwa mbali, hasa tangu corona ya 2020, kabla hamjalaumu mtandao fanyeni hivi. Andikeni saa inapoanza na inapoisha, kila siku, na mseme ni saa ya wapi. Pimeni ikiwa nzima na ikiwa mbovu, mlinganishe. Ulizeni kasi ya kupandisha upande wa seva. Tafuteni kitu kizito kinachojiendesha chenyewe muda huo: nakala za akiba, kamera, programu zinazojisasisha. Zima kimoja, pima, washa, pima tena. Rangi na mapambo baadaye.

Na ukiwa wewe ndiye uliye huku ughaibuni, anza kupima kwako.

Haya, theluji imeanza tena na mimi kesho zamu ya asubuhi. Msalimieni bibi, mwambieni shikamoo yake naituma kila siku. Tutaonana tena panapo majaliwa.