NILIONEKANA MLEVI, KUMBE NI DAWA!

Leo sina umbea wa mtu. Leo najisema mwenyewe.

Nina kifafa tangu nikiwa kidato cha pili. Vidonge vitatu vya fenitoini kila usiku, kila kimoja miligramu 100, vilinituliza, mwaka ukapita sijaanguka. Kisha dada akapata mchumba. Nikawaza: nikianguka mbele ya wakwe siku ya harusi, si watasema ukoo wetu una mikosi? Bila kumwuliza mtu nikaongeza kidonge cha nne. Kimoja tu, kitanifanya nini?

Weee! Wiki mbili baadaye nilikuwa napepesuka mchana kweupe. Konda mmoja namwona wawili. Ulimi mzito kama nimetoka kilabuni. Majirani wakaanza kunong'ona: "Yule binti siku hizi anakunywa." Mama akaninusa mdomo. Hakusikia harufu yoyote. Akalia, kisha akanipeleka hospitali.

Daktari aliniambia nifuate kidole chake kwa macho, macho yakawa yanachezacheza yenyewe. Akaagiza nitolewe damu asubuhi, kabla sijameza dawa. Kawaida inatakiwa maikrogramu 10 hadi 20 kwa mililita moja ya damu. Yangu ilisoma 34!

"Lakini nimeongeza kimoja tu, dokta," nikajitetea.

"Mwanangu, ini lako ni kama daladala," akasema. "Likishajaa, abiria anayezidi anabaki kituoni. Kesho wanakuja wengine, nao wanabaki. Mwisho kituo kinafurika."

Kumbe ini lina kiasi chake cha kuivunja dawa hii. Ukikivuka, kidonge kimoja kinaweza kuipandisha kwenye damu kuliko vile vitatu vya mwanzo. Akaniuliza pia kama natumia dawa za kifua kikuu, maana isoniazidi nayo huifanya fenitoini ibaki mwilini. Akanionya nisije nikaiacha ghafla kwa hasira, kifafa kingerudi kwa kishindo. Alinipunguzia yeye mwenyewe, damu ikapimwa tena, nikarudi kwenye vitatu vyangu.

Harusi ilifika. Nilicheza, nikatunza, sikuanguka. Mama alikuwa ananitazama tu miguu.

Wewe unayemeza dawa hii, usijiongezee wala usijipunguzie. Uliza, upimwe. Mimi nilikimbia aibu ya kuanguka, nikaikuta ya ulevi inanisubiri mlangoni.