Mlango Uliofunguka Katikati ya Njia

Nilipoketi darasani kwa mara ya kwanza, mwaka 1979, katika komini ya Kenya mjini Lubumbashi, sheria ya njia iliyotolewa tarehe 30 Agosti 1978 ilikuwa ingali changa, nasi watoto tulihifadhi kanuni zake kwa Kifaransa, tukizikariri mfano wa sala, ilhali nusu ya maneno yake hatukuyafahamu. Mwalimu alichora njia ubaoni kwa chaki, akatuusia kutazama kushoto, kisha kuume, kisha kushoto tena; na wasia huo ulitutosha, kwa kuwa aghalabu vilivyotupita alfajiri vilikuwa kinga, kama tuitavyo baiskeli, za wazee wetu waendao kazini Gécamines, kampuni ya madini.

Miaka ikapita, nami nikawa mwalimu. Njia ikageuka, somo likabaki lile lile. Malori ya madini yalizidi kuelekea Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, na mabasi madogo yaliyokwisha kutumika Ujapani yakatufikia, usukani wake kuume, maana huko magari hushika upande wa kushoto. Bali kwetu magari hushika kuume, hata mlango wa abiria, uliopasa kufunguka ukingoni, ukawa wafunguka katikati ya njia. Asubuhi moja mwanafunzi wangu, aliyeijua kanuni pasi na kukosa neno, alishuka kwa mlango huo, akagongwa na pikipiki, akavunjika mguu. Nilipokwenda kumjulia hali, aliniuliza kwa taadhima: "Mwalimu, ulitufundisha kuvuka, mbona hukutufundisha kushuka?" Sikuwa na jawabu.

Tangu hapo niliuacha ubao, nikachora basi uwanjani kwa majivu, na kwa Kiswahili, lugha wanayoizungumza nyumbani, nikawazoeza watoto kungoja gari lisimame kabisa, kutazama nyuma kabla ya kutia mguu chini, kisha kuambaa ubavu wa gari hadi nyuma yake, uso ukielekea magari yajayo, wala wasikatize mbele yake kamwe. Nikawaamuru, fauka ya hayo, wawafundishe mama zao warudipo sokoni na mizigo.

Mwaka uliofuata, nikiwa na haraka ya kushuka basini katika njia ya Kasenga, mtoto nisiyemjua, wa shule nyingine, alinishika mkono wa shati, akasema: "Baba, angalia nyuma kwanza." Nikageuka, nikatazama, na lori likapita.